Randa ya Babu Kabla ya Mizani ya Chuma Chakavu

Randa ya chuma namba 4, ile ya kawaida ambayo fundi huishika kwa mikono miwili, ina uzito wa karibu kilo 1.7. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu anayezunguka mitaa ya Ifakara na mizani yake, hicho ni chuma cha kwenda kuyeyushwa, sawa na ringi iliyopinda au jembe lililokwisha makali. Kwa anayejua kuinoa, ni chombo kilichobakiza miaka mingi ya kazi. Yule wa kwanza hulipa kwa kilo, na akishaondoka randa hiyo hairudi tena.

Ndiyo maana kukusanya zana za zamani za useremala kunawafaa watu wa bonde la Kilombero kuliko wengi wanavyodhani. Si lazima mtu awe fundi wa kulipwa. Mwalimu, muuguzi, dereva au mkulima wa mpunga mwenye nafasi ya jioni na kivuli cha mwembe anaweza kuanza na randa moja, akaisafisha, akainoa na kuitumia kutengeneza kigoda. Zana hizi hazihitaji umeme, hivyo mgao haumsimamishi mtu. Nazo zipo, kwa sababu bonde hili limepitiwa na mafundi wa mataifa mengi katika muda wa karibu karne moja na robo.

Misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwaka 1902. Mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi waliingia wakaendeleza kazi hiyo hadi Ifakara. Misheni za aina hiyo hazikuwa makanisa na shule tu. Zilikuwa na mabruda waliojua useremala na uashi, na karakana zilizotengeneza milango, madawati ya kanisani, vitanda vya hospitali na mapaa. Vijana wa vijiji vya jirani walijifunza humo, kama walivyojifunza wenzao wa Peramiho na Ndanda. Baadaye utawala wa Mwingereza ulileta zana za mji wa Sheffield. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina na Waafrika kati ya 1970 na 1975, ikapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Mang'ula palikuwa na karakana kubwa ya ujenzi huo, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha zana na mashine. Kwa hiyo mkusanyaji wa huku asishangae akikuta alama ya Kijerumani na ya Kiingereza ndani ya sanduku moja.

Ipo njia nyingine ya zana kufika huku ambayo wengi hawaijui. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilianzishwa Uingereza shirika la Tools for Self Reliance, lenye makao Netley Marsh karibu na Southampton. Watu wa kujitolea walikusanya zana za mkono zilizokuwa zimelala katika nyumba za Waingereza, wakazitoa kutu, wakazitia mipini mipya, wakazinoa na kuzisafirisha kwa mafundi wa Afrika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea. Patasi iliyofuliwa Sheffield kabla ya vita vya pili vya dunia inaweza basi kuwa imefika Tanzania miaka ya 1980, ikiwa na mpini mpya kabisa. Mkusanyaji asiamue umri wa zana kwa kutazama mpini.

Wapi pa kuanzia? Kwanza nyumbani. Familia nyingi zina sanduku la marehemu babu au mjomba aliyekuwa fundi, limesukumwa chini ya kitanda au limekaa uvunguni mwa ghala. Ukiacha nyumbani, wazee waliostaafu kwenye karakana za misheni na za reli ndio wanaojua zana zilikokwenda. Kisha wapo wanunuzi wa chuma chakavu wenyewe. Wakizoeshwa kwamba kuna mtu analipa zaidi ya bei ya kilo kwa randa na patasi, wao watakuwa macho yake mitaani. Anayefika Dar es Salaam apite Gerezani, ambako zana na vyuma vya kila namna huuzwa, lakini aende na mtu anayejua bei.

Kununua kwa jamaa wa marehemu kuna adabu yake, na hapa ndipo wakusanyaji wenye haraka wanapoharibu. Kabla ya arobaini, neno lolote kuhusu zana ni aibu. Baada ya hapo mtu aende mchana, apige hodi, akae, aulize habari za nyumbani kwanza: "Shikamoo, mama. Poleni sana na msiba. Nilisikia mzee alikuwa fundi, nikaona nije nisalimie." Habari ya sanduku itakuja yenyewe. Kijana akitaka kuuza zana za baba yake gizani, mama na ndugu hawajui, jibu ni hapana, hata kama bei ni ya kutupwa. Mali ya mirathi isiyogawanywa huleta kesi. Na pale ambapo mjane hajui thamani ya kitu, mnunuzi mwaminifu humwambia. Atalipa zaidi kidogo siku hiyo, lakini ataitwa siku nyingine kwa hiari.

Jambo moja zaidi kuhusu ununuzi: vipuri na vyuma vya reli vinavyopitishwa mitaani kwa siri haviguswi. Wizi wa miundombinu ya reli ni kosa, na anayepokea hukamatwa pamoja na aliyeiba.

Sasa zana yenyewe mkononi. Randa ya chuma hukaguliwa kwanza kwenye mdomo, yaani ule mwanya chini ambapo kisu hutokezea. Chuma cha kusubu hakipindi, huvunjika. Nyufa huanzia kwenye pembe za mdomo huo na kupanda ubavuni. Ufa mwembamba hujificha chini ya grisi na vumbi, hivyo mtu apanguse kwa kitambaa, aielekeze randa kwenye jua na kuitazama kwa upande. Ikiwa na ufa, basi ni ya kutolewa vipuri tu. Halafu kisu kichomolewe. Visu vya randa na patasi za zamani, hasa za karne ya 19, mara nyingi vilitengenezwa kwa kuunganisha bamba jembamba la chuma kigumu na chuma laini. Kile kigumu ndicho kinachoshika makali. Kisu kikiwa kimenolewa hadi kimebaki kifupi, bei ishuke. Vishimo vya kutu vikiwa nyuma ya kisu, karibu na ukingo, ni kasoro kubwa, maana makali ni mahali pande mbili zinapokutana, na upande mmoja wenye vishimo hutoa makali yenye mapengo. Kutu ya juu juu, hata ikiwa nyekundu ya kutisha, haina neno.

Screw zilizopotea ni tatizo kuliko kutu. Randa za kampuni ya Stanley zina nyuzi za screw zisizolingana na za dukani, na fundi wa gereji akilazimisha nyingine ataharibu tundu. Afadhali kununua randa mbili mbovu na kuunda moja nzima.

Msumeno wa mkono ushikwe kwa mpini, utazamwe kuanzia kisigino hadi ncha kama mtu anayelenga shabaha. Uliopinda taratibu hunyooka. Uliokunjika mahali pamoja ni kazi ya bingwa, na mabingwa wa kuunyoosha hawapatikani kirahisi. Meno mabovu yasimtishe mtu, kwani tupa ya pembetatu huyafufua. Ila aangalie upana: msumeno ulionolewa miaka mingi huwa mwembamba sana kuelekea ncha.

Alama ndizo zinazofanya kazi hii iwe tamu. Randa ya Stanley ya Marekani, kwenye kitako chake nyuma ya kisu, inaweza kuwa na tarehe tatu za hataza: MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10. Yenye zote tatu ilitengenezwa kati ya 1910 na 1918 hivi. Ikiandikwa kwamba imetengenezwa Uingereza, basi haivuki nyuma ya miaka ya 1930, kwa sababu ndipo Stanley ilipoanza kuunda randa Sheffield. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 kampuni ya Record nayo, ya Sheffield, ilianza kutoa randa zake kwa muundo uleule, na namba zake huanza na sifuri: 04, 05, 07. Patasi yenye jani la sehemu tatu ni ya Marples, nyumba iliyoanza Sheffield mwaka 1828. Yenye matunda mawili ya cheri ni ya Kijerumani, ya Kirschen. Zana ya Kijerumani iliyoandikwa "W. Germany" au "Western Germany" iliundwa baada ya 1949 na kabla ya kuungana kwa nchi hiyo mwaka 1990, na hiyo haiwezi kuwa ya enzi za Mjerumani hata muuzaji akiapa.

Randa za mti za Kijerumani, kama zile za Ulmia ya mji wa Ulm, iliyoanza mwaka 1877, hutambulika kwa kishikio kama pembe kinachochomoza mbele. Hizo ni nyepesi na tamu mkononi, lakini mti wake ni wa nchi za baridi: mchwa na bungua huupenda. Yenye vitundu vya bungua ikae mbali na nyingine mpaka ithibitike kwamba wadudu wamekufa. Wachina nao wana randa yao ya mti, isiyo na pembe; kijiti kimoja kimepita mlalo nyuma ya kisu, na fundi hushika ncha zake mbili na kusukuma.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kutu. Duka la zana halihitajiki. Siki ya kupikia, maji ya ndimu au ukwaju uliokamuliwa mzito, vyote vina asidi inayoyeyusha kutu. Kisu na vipande vidogo vilazwe humo usiku mmoja ndani ya chombo cha plastiki, asubuhi visuguliwe kwa waya wa kusugulia sufuria. Kisha inakuja hatua ambayo wengi huiruka: kuvitumbukiza katika maji yaliyotiwa magadi ili kuua asidi iliyobaki, kuvisuuza, kuvikausha papo hapo juani na kuvipaka mafuta mepesi ya mashine. Bila magadi, kutu mpya ya rangi ya machungwa hurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwili wa randa ya chuma cha kusubu usilowekwe muda mrefu, maana rangi yake nyeusi hutoka. Huo ni wa kusugua kwa msasa laini na mafuta. Mafuta ya kupikia yasitumike kulinda chuma. Hukaa vizuri siku chache, halafu huganda na kunata.

Je, kila kitu kisafishwe mpaka king'ae? Hapana. Randa za miaka ya 1950, ambazo zilitengenezwa kwa maelfu, zisafishwe zifanye kazi. Lakini wapo mafundi walioandika herufi za majina yao kwenye mipini kwa msumari wa moto. Herufi hizo zikipigwa msasa, kumbukumbu pekee ya mwenye zana imefutwa. Zibaki. Na kila zana ipigwe picha kwa simu kabla ya kuguswa, kisha iandikwe kwenye daftari: imetoka kwa nani, kijiji gani, alijifunza wapi, alitengeneza nini. Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo hawatakuwapo siku zote.

Kunoa ndiko kunakotenganisha mkusanyaji na mtu mwenye rafu ya vyuma. Kipande cha kioo kinene, kilicholala juu ya meza iliyonyooka, na karatasi za msasa wa maji kuanzia namba 220, 400, hadi 1000 au zaidi, vinatosha. Mgongo wa kisu hulazwa bapa na kusuguliwa mpaka ile sehemu ya karibu na makali ing'ae yote bila doa. Hii hufanywa mara moja tu katika maisha ya kisu, na ndiyo inayochosha. Kisha upande wa mshazari hunolewa kwa nyuzi 25, na ncha kabisa kwa nyuzi 30. Dalili ya kwamba kazi imeiva ni kijipindo chembamba cha chuma kinachosikika kwa kidole upande wa pili, ambacho huondolewa kwa kupitisha mgongo juu ya msasa laini mara mbili tatu. Kisu kilichofikia hapo hukata unywele wa mkono.

Wanoaji wa visu wanaopita na jiwe linalozungushwa kwa baiskeli ni mafundi wazuri wa panga na visu vya jikoni, ila mwenye kisu cha randa akae pale asimamie. Chuma kikishika moto kwenye jiwe hadi ukingo ugeuke buluu, ugumu wake umeondoka, na hakuna kunoa kutakakourudisha isipokuwa kukata sehemu hiyo yote. Maji yawe karibu, na kisu kichovywe kila baada ya muda mfupi.

Mbao za huku zina tabia zake, na vitabu vya Ulaya havizisemi. Mninga na mkangazi vina nyuzi zinazopishana: upande mmoja wa ubao randa huteleza, kiganja kimoja mbele inang'oa. Dawa yake ni kusogeza kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya kisu hadi kibakize chini ya nusu milimita kutoka kwenye makali, kupunguza unene wa maranda, na kunoa mara kwa mara. Mtiki, ambao Kampuni ya Kilombero Valley Teak imeupanda Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990, una chembe za silika zinazokula makali haraka, ijapokuwa mti wenyewe ni mtiifu. Mkongo ni mzito na hufaa kwa mipini. Anayeanza achukue vipande vya mtiki vilivyobaki kwa mafundi. Ni rahisi kuvipata na havimkatishi tamaa. Akinunua mbao nzima, atafute alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na adai risiti. Mti mzuri uliovunwa bila kibali unaweza kumpeleka mtu mahakamani pamoja na randa yake.

Halafu kuna tezo. Hapa makala yoyote kuhusu zana za Kilombero lazima ipunguze mwendo, kwa sababu kabla ya randa ya Sheffield bonde hili lilikuwa tayari na ufundi wake wa mti. Wandamba wamevua na kusafiri kwa mitumbwi katika mto Kilombero na mabwawa yake vizazi vingi, na mtumbwi hutoka ndani ya gogo kwa shoka na tezo. Kivukoni, kabla ya Daraja la Magufuli juu ya mto huo, lenye mita 384, kufunguliwa mwaka 2018, mtumbwi ulikuwa njia ya kuvukia pindi kivuko kilipokwama. Tezo la kienyeji, linavyoonekana sehemu nyingi za Tanzania, lina bapa lenye mkia uliochongoka, na mkia huo hupenya kwenye kichwa kinene cha mpini bila msumari wala screw. Kila pigo hulikaza zaidi. Kwa baadhi ya matezo, bapa likichomolewa na kugeuzwa, chombo hichohicho kinakuwa shoka. Siku hizi wahunzi hulifua kutoka kwenye springi ya gari, chuma kizuri sana. La zamani zaidi ni la kuhifadhiwa kama lilivyo, bila siki na bila msasa.

Wakusanyaji wengi hukimbilia majina ya kigeni na kuliacha tezo kwenye ghala la kuku. Hilo ni kosa. Randa namba 4 ipo kila pembe ya dunia, na vitabu vyake vimeshaandikwa. Tezo la fundi wa mitumbwi wa Ulanga, likiwa na jina la fundi na la kijiji, halina kitabu.

Sheria nayo ikumbukwe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863 na milango iliyochongwa kabla ya 1940, na inaweka masharti ya kuviuza na kuvitoa nje ya nchi. Mwenye shaka kuhusu kifaa cha kienyeji cha zamani aulize Idara ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa kabla ya kukiuza kwa mgeni.

Kuhifadhi zana Ifakara si kama Njombe. Joto la bonde na unyevu wa masika hufanya chuma kiote kutu ndani ya sanduku lililofungwa. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kupakwa nyembamba hulinda vizuri kuliko mafuta. Vipande vya kafuri ndani ya sanduku ni mbinu ya zamani ya maseremala, na inasaidia. Sanduku likae juu ya matofali, mbali na ukuta na mchwa, na lifunguliwe kila wiki. Zana isilale kwenye maranda, kwa kuwa maranda hunyonya unyevu na kuuhifadhi.

Kwa orodha ya mwanzo, randa moja ya chuma namba 4 au 5, msumeno mmoja, patasi tatu, pembe mraba na kioo cha kunolea vinatosha mwaka mzima. Kazi ya kwanza iwe sanduku la kuvitunzia. Anayetaka mwalimu aulize Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara au VETA Mikumi, au aende kwa mzee seremala wa mtaani na kuomba kukaa naye Jumamosi. Wengi hufurahi kuona mtu mzima amekuja kujifunza bila kulazimishwa.

Mwenye sanduku la babu chini ya kitanda alitoe wiki hii. Afungue, apige picha, aulize nani alikuwa mwenye kila zana, na amwambie mnunuzi wa chuma chakavu kwamba hilo haliuzwi kwa kilo.